Siku Masufuria Matatu Yalipotoka Bila Ngoma

Hapa Tingi ufunguo wa stoo ya vyombo ninao mimi. Nilikabidhiwa mwaka wa pili wa ujane wangu, kwa sababu wazee walisema Sada hana maneno mengi wala hapotezi vitu. Humo ndani kuna masinia, majagi, mikeka, miiko mirefu kama makasia, na masufuria matatu makubwa ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuingia akajificha asionekane. Yote matatu aliyanunua Mzee Abilahi Kondo, mwenye duka la nguo pale njiapanda.

Masufuria hayo yana utaratibu wake. Kwa hitima au ubatizo hutoka moja. Kwa harusi hutoka mawili, tena hupigwa ngoma kutoka stooni mpaka nyumba yenye shughuli, ili watu wajue ni furaha. Yakitoka yote matatu kimya kimya, basi ni msiba. Hapahitajiki mpiga mbiu. Mtu akiyaona yanapita huacha jembe, hufunga kibaba cha mchele kwenye pindo la khanga au hubeba mzigo wa kuni, akayafuata.

Nilisema hayo kwenye kikao, tena mara mbili. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Klementi.

Mwalimu Klementi alikuwa amestaafu akiwa na kalamu tatu mfukoni na hamu ya kuongoza kikao chochote. Mwaka huo wa tisini na nne alikwenda Lindi kushughulikia kiinua mgongo chake, na huko akaona mfadhili mmoja anatunukiwa hadharani, kwa risala, kwa kipaza sauti na kwa zawadi. Alirudi hakulala.

"Sisi tuna Mzee Abilahi," akatuambia. "Ametupa kila kitu. Tumempa nini? Shikamoo!"

Hapo alisema kweli. Mabati ya shule yalikuwa ya Mzee Abilahi. Pampu ya kisima ilikuwa yake. Binti wa Romana alipokwenda kusomea uuguzi, nauli ilitoka kwake, na siku hizi binti huyo ndiye anayetuchoma sindano. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa ni sanda.

Vijana wa leo wameyakuta maduka yamejaa, hawajui. Mwaka themanini na tatu hapakuwa na kitambaa. Nguo ilikuwa kwa foleni, na mwisho wa foleni ulichopata ni habari kwamba nguo haikuja. Watu walizikwa kwa mapazia, kwa mashuka ya vitandani, kwa magunia yaliyofuliwa. Ndipo Mzee Abilahi alipoanza. Kila bafta nyeupe iliyopita mikononi mwake aliiweka kwa ajili ya wafu. Ikawa mtu akifariki, awe wa msikitini au wa kanisani, kilio hakijatulia, Mzee yuko mlangoni na furushi lake. Waislamu aliwaletea sanda, kafuri na marashi. Wakristo aliwaletea kitambaa cha kutandika jeneza. Ruksa ya biashara ilipokuja na vitu vikamwagika madukani, watu walidhani ataacha. Hakuacha.

Ila alikuwa na tatizo moja. Ukimwambia asante, alikunja uso kama aliyemeza maji ya mwarobaini.

"Unanilipa wewe?" alikuwa akiuliza. "Ukishanilipa wewe hapa, mimi huko mbele nitakwenda kuomba nini?"

Mwaka themanini na tisa shule walimwandalia kiti chenye kitambaa cha maua ili wamshukuru kwa mabati. Mzee alifika getini, akakiona kile kiti, akageuka. Siku hiyo hiyo akavuka bahari kwenda kisiwani Songo Songo kwa kaka yake, akakaa wiki tatu. Katika wiki hizo tatu walifariki watu wawili, na mmoja alizikwa kwa kitambaa cha meza. Aliporudi alisema neno moja tu: "Mkinikalisha tena kwenye kiti cha maua, nafunga duka. Nahamia Songo Songo, huko huko nitafia."

Na kila mtu alijua kwamba hatanii.

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu. Leo naweza kulisema, wakati ule sikuweza.

Mume wangu Abdulrazak alifariki mwezi wa Machi mwaka huo huo wa themanini na tatu, mvua inanyesha. Nyumbani hapakuwa na kitambaa cheupe hata cha kufungia kidonda. Duka la Mzee Abilahi lenyewe lilikuwa limebaki rafu na mende. Mzee alikuja, akanitazama, akatazama chumba, akaondoka. Akarudi amelowa, na furushi la karatasi ya kaki ameliweka ndani ya koti lisilowe. Ndani mlikuwa na bafta inayonukia udi, mikunjo yake imegeuka rangi kwa kukaa miaka mingi. Kwenye karatasi paliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Chuoni nilisoma, herufi nazijua. Iliandikwa: *Ya mwanangu Abilahi. Imefuliwa kwa Zamzam.* Ilikuwa sanda yake mwenyewe. Baba yake alimletea kutoka Makka.

"Umesoma?" akaniuliza.

"Nimesoma."

"Basi funga mdomo mpaka mimi nitangulie."

"Mzee, hii siwezi kuichukua."

"Sanda haikataliwi, Mama Mwanasha. Na asante yake siitaki. Shika."

Nikashika, nikaahidi. Kwa miaka kumi na moja mume wangu alikuwa amelala ndani ya nguo ya mtu mwingine, na mtu huyo napishana naye kila siku nampa shikamoo tu. Jambo hilo lilinikaa kifuani. Nilitaka nimrudishie iliyo yake kabla mmoja wetu hajaondoka duniani, lakini bila kuivunja ahadi.

Bafta kwa Mzee haikununulika. Ukiingia dukani kwake ukaitaja tu, anauliza nani kafa, na hela hapokei. Kwa hiyo msimu mmoja wa ufuta nilikwenda Mitwero kwa mwanangu Mwanasha, nikaingia mjini Lindi, nikanunua bafta huko. Nilirudi nayo, nikaifua kwa maji ya marashi, nikaifunga, nikaiweka sandukuni. Ikakaa miaka miwili. Utampaje sanda mtu mzima mwenye afya? Ataona unamwombea kifo. Watu wengine wataona unamroga.

Nikiwa na hayo kichwani, kamati ikaamua kwamba shughuli itafanyika Alhamisi, uwanja wa shule, na iwe siri.

"Siri kabisa," alisema Mwalimu Klementi. "Mzee asijue mpaka akute watu wamekaa. Akikuta umma wote, atakimbilia wapi?"

"Songo Songo," nikasema.

"Bi Sada, usiwe na mawazo ya kurudi nyuma. Wewe ndiye utakayesoma risala. Mjane akisoma, watu wanalia."

Akanikabidhi karatasi kumi na moja, kila moja imejaa pande zote mbili.

"Na masufuria?" nikauliza. "Yakitoka matatu bila ngoma watu watajua ni msiba. Toeni mawili, mpige ngoma."

"Ngoma itavunja siri!"

"Basi watu mtawaambiaje waje?"

"Watakuja," akasema, akafunga daftari lake.

Veronika, ambaye ndiye mpishi mkuu wa shughuli zote, akanikanyaga mguu chini ya meza. "Mwache, dada," akaninong'oneza. "Huyu hafundishiki, amezoea kufundisha."

Alhamisi saa mbili asubuhi nikafungua stoo. Masufuria yakapakiwa kwenye mkokoteni, yote matatu, yakapita katikati ya kijiji kimya kimya. Mimi nilifuata nyuma na kikapu cha vijiko. Chini ya vijiko niliiweka ile bafta. Mpango sikuwa nao. Nilidhani labda watu wakiwa wanakula nitakwenda dukani kwake, niiache kizingitini na kukimbia, kwa miguu hii hii inayouma.

Hatukufika hata nyumba ya tano. Romana alikuwa uani anapepeta mahindi. Akayaona masufuria. Akahesabu. Ungo ukaanguka, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaangua kilio.

"Romana, subiri," nikamwambia.

"Nisubiri nini, Bi Sada? Nani huyo jamani? Alikuwa mzuri!"

"Humjui bado."

"Hata kama!"

Tulipofika uwanja wa shule, tulikuwa na watu hamsini nyuma yetu. Saa nne walikuwa wamezidi mia mbili. Wanawake wamejifunga khanga, wamekaa kwenye mikeka, miguu wamenyoosha. Wanaume wako upande wao, mikono mashavuni. Mchele ulioletwa ulijaza magunia mawili. Mwalimu Klementi alikuwa akipita katikati anafurahi mno. "Mnaona? Nilisema watakuja!"

Ismael, mwenye mashine ya muziki aliyoinunua Dar, hakuwa amewatazama watu vizuri. Akaunga nyaya zake, akawasha, dansi likalia uwanja mzima. Kilio kikakatika. Romana akanyanyuka na mwiko mkononi.

"Msibani unatupigia dansi, mwana kulaaniwa?"

"Mama, mimi nimekodiwa!"

"Na nani? Na marehemu?"

Akamfukuza akizunguka madarasa mara mbili. Mashine ikazimwa na Veronika, kwa jagi la maji.

Hapo wakaja wachimba kaburi wawili, udongo mpaka kwenye nyusi. Mmoja Valentini, mmoja Faustino.

"Mwalimu," akasema Valentini, "tumekosa wa kumuuliza. Kule kwa Waislamu tumeshafika kiunoni, kwa Wakristo magotini. Tuambie tuendelee na lipi."

Ukafika wakati wa kuwaambia watu ukweli, lakini Mwalimu hakuwahi, maana watu walianza kupisha njia. Mzee Abilahi alikuwa anakuja.

Alivaa kanzu yake ya mazishi, kofia imenyooka, na kwapani ana furushi. Huyu naye aliyaona masufuria yakipita mbele ya duka lake. Akafanya kama alivyofanya kila mara: akakata bafta, akachukua kafuri na pamba, akafunga duka, akaja.

"Poleni na msiba," akasema.

"Tumeshapoa," watu wote wakaitika, kwa mazoea.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu, akamshika mkono, akauliza taratibu kama mtu anayeijua kazi yake.

"Maiti ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume," akasema Mwalimu.

"Mwislamu?"

"Mwislamu, Mzee."

"Vipande vitatu vitatosha. Mrefu?"

"Wa kadiri."

"Mnene?"

Mwalimu akamtazama Mzee kuanzia kofia mpaka makubazi. "Kama wewe hivi."

"Ameshaoshwa?"

"Nadhani… ameoga asubuhi."

Mzee Abilahi akauachia mkono wa Mwalimu. Akatazama meza iliyotandikwa. Akaliona boksi la zawadi. Nyuma ya meza akakiona kiti, na kiti, Mungu atusamehe, kilikuwa na kitambaa cha maua.

Akageuka, akanitafuta mimi.

"Mama Mwanasha. Wewe husemi uongo. Nani kafa?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Shughuli ni yako."

"Yangu?"

"Yako, Mzee. Walitaka kukushukuru."

Papo hapo, ndani ya boksi pale mezani, ndege akaanza kuimba. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani ya Kichina yenye ndege wa bandia. Ikaimba mara tisa, na ilikuwa saa tano.

"Yaani tumelia bure?" Romana akauliza.

Mzee Abilahi alikuwa ameshageuka. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyotutisha.

"Niliwaambia," akasema. "Kondo mwanangu atafunga hesabu za duka. Mimi kesho nakwenda Songo Songo. Masufuria yenu mnayo, pampu mnayo. Mzikane salama."

Akaanza kuondoka. Watu mia mbili na zaidi, hakuna aliyemzuia, maana ungemzuia kwa kumwambia nini? Kila neno tulilokuwa nalo lilikuwa asante. Mwalimu Klementi akaichukua risala niliyoiacha mezani, akanisukumia mikononi. "Soma, Bi Sada! Soma hata ukurasa wa kwanza!"

Nikaziweka zile karatasi chini. Nikatoa vijiko kikapuni, kimoja kimoja. Nikaitoa bafta, nikamfuata mpaka karibu na goli la mpira.

"Mzee, kabla hujaondoka. Shika."

"Nini tena hii?" Lakini vidole vyake vilishaitambua kabla hajamaliza kuuliza. Mtu aliyepima nguo miaka arobaini haulizi, anagusa. "Bafta."

"Bafta."

"Ya nani?"

"Yako."

Nyuma yangu nikamsikia Veronika akipiga yowe. "Sada! Umepatwa na nini, mwanamke? Mtu mzima, mwenye afya, unampa sanda?"

"Hii haimo kwenye ratiba," akasema Mwalimu Klementi.

"Siitaki," Mzee akasema, akanirudishia.

Nikaweka mikono nyuma.

"Sanda haikataliwi, Mzee Abilahi," nikamwambia. "Na asante yake siitaki. Shika."

Akasimama. Akanitazama, na mimi nikamtazama, jambo ambalo kwa adabu zangu sikuwahi kumfanyia. Sikutaja mvua, wala karatasi ya kaki, wala jina la mume wangu. Watu walitukodolea macho, wanaona mjane amerukwa na akili na mfanyabiashara ameganda. Yeye tu ndiye aliyeelewa. Akanusa ile nguo, akakuta marashi.

Kisha ule ufanyabiashara ukamrudia, Alhamdulillahi.

"Umenunua wapi?"

"Lindi."

"Wamekupunja. Uzi mwepesi huu."

"Ndio uliokuwepo."

Akaikunjua kidogo, akaanza kuipima kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akihesabu kimoyomoyo. Akakunja uso. "Umezidisha mkono mzima. Mimi ndio mrefu hivi?"

"Nilikupima kwa macho, Mzee. Ukipita."

Kwanza alicheka Faustino mchimba kaburi. Halafu Veronika, ambaye akicheka hushika mtu, na siku hiyo alimshika Mwalimu, wakaanguka wote kwenye mikeka. Uwanja mzima ukacheka, hata Romana, na machozi yake ya mwanzo hayajakauka. Mzee Abilahi hakucheka. Alitoa mkasi mfukoni, maana hatembei bila mkasi, akaukata ule mkono uliozidi, akautia kwenye furushi lake la kugawa.

"Utamfaa mtoto," akasema, "Mungu apishe mbali." Ile iliyobaki akaiweka kwapani kwa upande mwingine. "Hao wachimba kaburi wameshakula?"

"Bado, Mzee," akasema Valentini.

"Basi leteni maji tunawe."

Akarudi. Kiti cha maua hakukitazama. Alikaa mkekani, kati ya wachimba kaburi wawili, na kanzu yake nyeupe ikachafuka udongo. Akala. Mwalimu Klementi akamsogelea na makaratasi.

"Mzee, risala fupi tu."

"Mwalimu, ukifungua hayo, navuka leo hii na sanda yangu kwapani."

Mwalimu akayakunja. Wali ulilika mpaka ukoko. Makaburi yakafukiwa jioni. Ile saa ikatundikwa stooni kwangu, na mpaka leo inaniimbia tisa wakati wowote inapojisikia. Songo Songo Mzee hakwenda. Ijumaa asubuhi nilimkuta dukani kwake kama kawaida, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na kifua changu kilikuwa chepesi.

Mwenyezi Mungu alimchukua miaka sita baadaye, usingizini. Nikafungua stoo, nikayatoa masufuria matatu bila ngoma. Nusu ya kijiji wakasema safari hii hatudanganyiki, wakaja na nguo za sikukuu, wengine na watoto waliopakwa mafuta. Walipofika na kuyaona masufuria yametua mlangoni kwa Mzee, walikaa chini na nguo zao nzuri wakalia. Mwalimu Klementi akaitoa risala. Akasoma kurasa zote, mbele na nyuma, juani, na mwenyewe aliyesomewa safari hii hakuondoka.

Wanaume waliomwosha walitoka, wakaniita pembeni.

"Bi Sada, watu wanasema sanda hii ulinunua wewe. Imepungua."

"Imepungua kiasi gani?"

"Kama mkono mmoja. Miguu haifiki."

"Mimi nilimpima sawasawa," nikawaambia. "Yeye ndiye aliyejiona mfupi."

Wakaenda dukani kwake kutafuta bafta ya kuongezea. Kondo, mwanawe, alikuwa amelifunga duka, akalifungua, akakata. Walipotaka kumpa hela, akakunja uso kama baba yake.